Chupa ya Mvinyo na Kitabu cha Tikiti

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, katika ukumbi wa kijiji kimoja cha kusini mwa Uingereza, ukumbi wa mbao wenye paa linalovuja ambalo ndilo lililokuwa sababu ya sisi sote kukusanyika hapo, mimi, mjukuu wa mwalimu wa chuo cha Kurani wa Mombasa, nilishinda chupa ya mvinyo mwekundu. Sikuwa nimeitafuta. Nilikuwa nimetoa pauni moja kwa ajili ya paa, kwa kuwa mwenyeji wangu alinishika mkono akanipeleka mezani, na bibi mmoja aliyevaa kofia ya ukindu akanikatia ukanda wa tikiti tano za rangi ya waridi, nami nikazitia mfukoni kama mtu atiavyo stakabadhi ya posta. Lakini namba yangu ilipotoka ndooni, na makofi yakapigwa, na chupa ikaletwa mbele yangu kwa taadhima, nilibaki nikiitazama kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Niliirudisha. Bibi yule, ambaye kumbe ndiye aliyekuwa katibu wa jumuiya ya kijiji kwa mwaka wa kumi na tisa, hakukasirika wala hakuuliza; aliiweka tena mezani ili ichezeshwe upya, na alipotambua kwamba udadisi wangu ulikuwa juu ya kanuni za mchezo kuliko juu ya zawadi zake, alivuta kiti karibu, akafungua mkoba mkubwa wa kitambaa, akatoa jalada la kijani lililofungwa kwa utepe, akalipigapiga kwa kiganja. Wako watu, alisema, watembeao na Biblia mkobani, naye hutembea na vyote viwili, maana Biblia itamwokoa na moto na jalada litamwokoa na hakimu.

Jalada lile nimelifikiri mara nyingi tangu siku hiyo. Nilikuwa nimetazamia kukuta humo sheria ya kamari, nami nikakuta sheria ya amana: kurasa kwa kurasa zilizotungwa kujibu suala moja tu, nalo ni hili, kwamba fedha ikishatoka mfukoni mwa mtoaji na kabla haijafika kwenye paa, iko mkononi mwa nani, na mkono huo unatazamwa na macho ya nani.

Kwa sheria ya nchi ile bahati nasibu imesimama juu ya mafiga matatu: mchezaji amelipa ili aingie, kuna zawadi, na mwenye kuipata hupatikana kwa bahati tupu. Ondoa figa moja na chungu kitaanguka. Usipotoza kitu, umegawa zawadi bure na hakuna wa kukuuliza; ukiwataka watu washindane kwa akili au ujuzi, kama katika chemshabongo, umekwisha toka katika bahati nasibu na kuingia katika jambo jingine. Lakini mafiga yakikamilika, hata kama chunguni hamna ila kopo la biskuti, sheria imekwisha kukushika, na huna budi kutafuta mmojawapo wa milango michache iliyoachwa wazi, maana asili ya hukumu ni katazo na ruhusa ni za kuhesabu. Waingereza, ambao ubunifu wao katika uwanja huu sijauona kwingine, huuziana namba za mabata ya plastiki yanayomiminwa mtoni yaelee hadi darajani, au huligawa konde kwa miraba wakamwachilia ng'ombe, na mwenye mraba ambao ng'ombe ataona vyema kuangusha samadi yake juu yake ndiye mshindi. Na yote hayo, bata na ng'ombe, mbele ya sheria ni sawasawa na tikiti zangu za waridi.

Kama msomaji atauliza mbona ukali wote huo juu ya bata na biskuti, jawabu limo katika tarikhi yao wenyewe, ambayo ni tarikhi ya watu waliotapeliwa kwa jina la jambo jema. Malkia Elizabeth wa Kwanza alipohitaji fedha za kutengeneza bandari za ufalme wake, alitangaza bahati nasibu ya tikiti 400,000 za shilingi kumi kila moja, iliyochezeshwa mwaka 1569 mlangoni pa kanisa kuu la St Paul's jijini London, na ili kuwavuta raia aliahidi kwamba mnunuzi atakuwa na amani ya siku saba asikamatwe kwa makosa madogomadogo. Raia walibaki na shaka yao, na tikiti nyingi zikabaki na wenyewe. Karne mbili baadaye, mwaka 1753, Bunge liliidhinisha bahati nasibu ili kupata fedha za kuanzisha jumba la makumbusho, lile lile British Museum ambalo leo watu wa dunia nzima huenda kulizuru, na sheria ikasema kwa uwazi kwamba mtu mmoja asiuziwe tikiti zaidi ya 20, ili matajiri wasizizoe zote wakaja kuwalangua wanyonge. Peter Leheup, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi, aliwauzia walanguzi kwa majina ya bandia, akachuma mali nyingi, akashitakiwa, akatozwa faini ya pauni 1,000, ambayo kwa mtu aliyekwisha kuvuna kiasi alichovuna yeye ilikuwa ni kama ushuru wa forodha. Makumbusho yalianzishwa. Serikali iliendelea na bahati nasibu zake mpaka mwaka 1826, ndipo ilipochoka na fedheha zake, ikazipiga marufuku.

Lakini kisa kilichonishika zaidi si cha London bali cha Dublin, nacho si cha kale sana; wazee walio hai wanakikumbuka. Dola changa ya Ayalandi, iliyokuwa na hospitali masikini na hazina tupu, ilipitisha mwaka 1930 sheria ya kuruhusu bahati nasibu iliyofungamanishwa na mbio za farasi, ambayo mapato yake yangesaidia hospitali. Na waanzilishi watatu, Richard Duggan, Joe McGrath na Spencer Freeman, wakaijenga mpaka ikawa mojawapo ya michezo mikubwa ya bahati duniani. Tikiti zake zilivushwa kwa magendo hadi Uingereza na Marekani, ambako ilikuwa haramu kuziuza. Siku ya kuchezesha ilikuwa ni sikukuu: pipa kubwa mno lililojaa vipande vya karatasi lilizungushwa mbele ya wakuu wa polisi, na wauguzi waliovaa sare zao nyeupe ndio waliotia mikono na kutoa majina, na nani ambaye angeshuku mkono wa muuguzi? Wauguzi hawakuwa na hatia. Mkono uliostahili kushukiwa haukuwa pipani. Ulikuwa ofisini, katika daftari za gharama na ujira na ada za wakala, na ilichukua zaidi ya miaka arobaini, hadi mwaka 1973, kabla mwandishi wa habari Joe MacAnthony hajaeleza kwa urefu gazetini kwamba waendeshaji na jamaa zao wamekuwa matajiri wakubwa, ilhali sehemu iliyofika hospitalini ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo mnunuzi wa tikiti aliidhania alipokuwa akitoa fedha yake. Mchezo ulifungwa katika miaka ya 1980. Mimi nakitazama kisa hiki kama ufunguo wa jalada zima la bibi katibu, kwa sababu hakuna mtu aliyeiba kwa maana ya kuvunja kasha usiku. Kilichotokea ni kwamba hapakuwa na mpaka baina ya gharama halali na tamaa, na pasipo na mpaka tamaa hulima hadi mlangoni kwa jirani.

Bunge la London, likiwa na hasira kwamba fedha za raia wake zinavuka bahari, lilitunga sheria mwaka 1934 ya kuzifungia tikiti za kigeni, na katika sheria hiyo hiyo likafungua kijimlango kwa mabazari ya hisani na kwa vyama vichezeshavyo baina ya wanachama wao. Na mwaka 1956 likaongeza mlango wa pili, kwa vyama vya hisani, vya michezo na vya utamaduni kuuza tikiti kwa umma, kwa sharti la kuandikishwa katika halmashauri ya mahali. Yanayotawala sasa katika Uingereza yenyewe, Wales na Uskoti, maana Ayalandi ya Kaskazini ina sheria yake, ni masharti ya Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, na ni hayo bibi aliyonifunulia ukurasa baada ya ukurasa, akilainisha kidole kwa ulimi.

Mchezo wetu wa siku ile, kwa kuwa ulikuwa ni kiambatanisho tu cha tamasha na haukuwa tamasha lenyewe, haukuhitaji leseni wala andiko lolote. Masharti yake yalikuwa machache: tikiti ziuzwe mahali pa shughuli na wakati wa shughuli, kutoka katika makusanyo kisitolewe zaidi ya pauni 100 kwa gharama wala zaidi ya pauni 500 kwa kununua zawadi, ijapokuwa zawadi zilizotolewa na wahisani hazina kikomo, na zawadi ya mara hii isirundikwe juu ya zawadi ya mara nyingine mpaka iwe mlima. Hata ile chupa yangu ilikuwa imefikiriwa, kwani sheria nyingine, ya vileo, ya mwaka 2003, imeeleza kwamba katika mchezo wa namna hiyo kileo chaweza kuwa zawadi pasipo leseni ya kuuza vileo, maadamu chombo kimefungwa. Niliposoma hayo nilikumbuka maulamaa wetu wanavyoweza kuchambua kwa siku nzima hukumu ya tone la maji lililoangukia ndani ya kisima, nikajiambia kwamba fikihi haina kabila.

Mambo huwa mazito zaidi wakati wa Krismasi, pale jumuiya inapouza tikiti zake kwa majuma kadhaa, madukani na majumbani, kwa watu ambao hawatakuwapo siku ya kuchezesha. Hapo halmashauri huingia kati. Chama hujiandikisha kwa ada ya pauni 40, na kila mwaka hulipa 20 ili jina lake lisifutwe. Nacho lazima kiwe chama cha kweli, kilichoundwa kwa ajili ya hisani, michezo, utamaduni au jambo jingine lisilo na faida ya mtu binafsi, maana halmashauri yaweza kukataa ikiona kwamba jumuiya ni barakoa ya mfanyabiashara, au kwamba mhusika amepata kuhukumiwa kwa makosa ya namna hii. Tikiti zote ziwe za bei moja, na juu ya kila tikiti yaandikwe jina la chama, bei, jina na anwani ya mwanachama aliyebeba dhamana, na tarehe ya kuchezesha. Wala asiuziwe mtoto aliye chini ya miaka 16. Mauzo ya mchezo mmoja yasizidi pauni 20,000, ya mwaka mzima yasizidi 250,000, na zawadi kubwa kabisa isipite 25,000. Apitaye hapo si mdogo tena, na sharti akaombe leseni kwa Tume ya Kamari iliyoko Birmingham, ambako tangu Julai 2020 mchezo mmoja umeruhusiwa kufikia pauni milioni tano.

Katika namba zote hizo, iliyonikwaza ni ishirini. Chama kidogo lazima kitoe kwa ajili ya jambo lake jema walau asilimia 20 ya mauzo; zinazobaki ni za zawadi na gharama. Mtu atoaye pauni moja akidhani kwamba amewapa mayatima pauni moja, kwa sheria yaweza kuwa amewapa peni ishirini tu na kumpa mpiga chapa wa tikiti sehemu ya zile themanini, na hakuna aliyekosa. Nilimwambia bibi kwamba hiyo naiona ndogo mno. Alinijibu kwamba yeye hajapata kutoa chini ya sabini, kwa kuwa zawadi zake huzichangisha na tikiti huzikata mwenyewe, lakini lau sheria ingedai sabini, klabu changa ya mpira isiyo na mhisani wa kuipa hata mpira wa pili ingefunga mlango siku hiyo hiyo. Sikuridhika kabisa, wala sijaridhika hata leo; naona pana umbali mkubwa baina ya ishirini na sabini, na kwamba mnunuzi alistahili angaa kuisoma nisba hiyo juu ya tikiti yake.

Lililoniridhisha ni hisabu. Katika miezi mitatu baada ya kuchezesha, chama hupeleka kwa halmashauri taarifa ya makusanyo yote, yaliyotolewa kwa zawadi, yaliyotolewa kwa gharama, na yaliyofika kwenye shabaha. Taarifa hiyo haitiwi sahihi na mtu mmoja bali na wanachama wawili watu wazima walioteuliwa kwa maandishi, nayo hukaa wazi ili mwananchi yeyote, hata jirani mwenye husuda, aende kuikagua. Sahihi mbili na jirani mwenye husuda! Dublin ingekuwa na hivyo viwili tangu mwaka 1930, huenda MacAnthony angekosa la kuandika.

Ukiacha bahati nasibu, iko michezo mingine ambayo jumuiya hupenda kuifanya usiku, karata na bingo na zile jioni ambazo wazee wa kijiji huvaa suti nyeusi wakajifanya wako kasinoni. Kwa mchezo ambao wachezaji wote wana bahati sawa na hapana anayecheza akiwa mwenye benki, ruhusa ipo pasipo leseni, lakini mchezaji asitozwe zaidi ya pauni nane kwa siku, jumla ya zawadi isizidi 600, au 900 ikiwa ni fainali ya mfululizo wa michezo, na kabla ya yote waliohudhuria waambiwe fedha inakwenda wapi. Pauni nane! Haitoshi hata kumfilisi mwanafunzi. Na pale penye gurudumu la kasino, aghalabu hutumiwa noti za kubuni zisizoweza kununua hata peremende, na mwenye nyingi mwisho wa usiku hupewa zawadi iliyokwisha tajwa mapema, isiyokua wala kupungua kwa idadi ya waliocheza.

Hayo ya sheria. Ya dhamiri ni mlango mwingine, nami siwezi kuupita nikajifanya sikuuona, kwa kuwa babu yangu, lau angefufuka akanikuta na zile tikiti za waridi, asingeuliza habari ya asilimia. Kamari kwake ni kamari. Walakini yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza, katika darasa za baada ya alasiri, kwamba Waarabu wa Jahilia walipokuwa wakicheza maisiri, mchezo ambao Kurani imeukataza kwa jina lake, walichinja ngamia wakamgawa mafungu, wakavuta mishale kumi ambayo saba ina mafungu na mitatu mitupu, na aliyetoka mtupu ndiye aliyelipa thamani ya ngamia. Na wafasiri wanaeleza kwamba washindi hawakuila nyama ile bali waliwagawia masikini, wakajifaharisha kwa ukarimu huo na kumtukana asiyetaka kucheza. Maana yake ni kwamba mchezo wa kamari kwa ajili ya fukara ni mkongwe kuliko Uingereza yenyewe, na kwamba katazo lilikuja juu yake hali wakila nyama masikini. Wala Waislamu si peke yao. Wamethodisti wa Uingereza kwa miaka mingi hawakutaka bahati nasibu ichezeshwe katika majengo yao, na Jeshi la Wokovu halitafuti fedha kwa njia hiyo; na hoja yao ni ile ile ya babu, kwamba mkono utoao kwa kutumaini kupata haujatoa bado.

Kwetu sheria hizi zilifika pamoja na mengine ya Mwingereza. Sheria ya Kenya ya mwaka 1966 ya kudhibiti dau, bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ilirithi ule mgawanyo wa bahati nasibu ya faragha, ndogo na ya umma, na ikadumu karibu miaka sitini mpaka ilipobadiliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Lakini nani katika sisi amepata kuona jumuiya ya wazazi wa shule ikienda kwa bodi kwa ajili ya tikiti za kushindania mbuzi? Sisi tunayo harambee, na harambee ina jogoo wake, anunuliwaye mnadani kwa bei ya fahali, akarudishwa na mnunuzi, akanadiwa tena hadi jua lizame; hilo si bahati nasibu, kwa kuwa figa la bahati halipo, na pengine ndiyo sababu halikuonwa na mtunga sheria. Kilichoonwa hatimaye ni vile vitabu vya tikiti vilivyokuwa vikishuka kutoka ofisi za wakubwa, mwalimu akapewa kitabu kizima na kuambiwa arudishe fedha na si tikiti, na ambaye hakuuza akajilipia mwenyewe kutoka katika mshahara wake. Na mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya Kenya ikawakataza maafisa kutumia vyeo vyao kuchangisha katika harambee. Waingereza walimwogopa mchezeshaji asile fedha ya mchezaji. Sisi ilibidi kwanza tumwogope mchezeshaji asimlazimishe mtu kucheza.

Jioni ile, tamasha lilipokwisha na viti vikawa vinakunjwa, bibi katibu alimwita mweka hazina, mzee mrefu aliyekuwa amevua koti, nao wakaketi pande mbili za meza wakahesabu sarafu kwa mafungu ya kumi kumi, kila mmoja kwa zamu yake, pasipo kusemezana. Walipomaliza, hisabu ya fedha ilizidi hisabu ya vishina vya tikiti kwa pauni moja. Walihesabu tena. Ilizidi tena. Mweka hazina alipendekeza itiwe tu pamoja na nyingine, kwa kuwa ni ya paa kwa vyovyote vile, lakini bibi alikwisha kufungua daftari, akachora mstari mpya chini ya ule wa mauzo, akaandika kwa wino wa buluu kwamba pauni moja imezidi na mwenyewe hajulikani, kisha akaligeuza daftari kumwelekea mwenzake, akampa kalamu atie sahihi.